Kabla ya Kuwasha Mashine ya Kuchomelea

Baiskeli ya miguu mitatu iliyotengenezwa karakana ya mtaani ina mahali pake pa kukatikia, na mahali hapo panajulikana. Ni kwenye shina la ekseli ya gurudumu la nyuma, kwenye shingo ya usukani, au milimita chache kando ya mshono: bomba limeachana, mshono wenyewe mzima. Mwenye baiskeli anarudi kwa fundi akilalamika kwamba ilichomelewa vibaya. Fundi anapitisha rodi nyingine mbili juu ya ufa, anapiga rangi, kazi inatoka. Baada ya muda ufa unarudi. Katika kazi nyingi za aina hii nilizozifungua na kuzipima, mshono haukuwa na hatia. Mambo yalikwisha kuharibika kabla mashine haijawashwa, pale bomba lilipochaguliwa, lilipokatwa na lilipokalishwa.

Nazungumzia hasa baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, anayoitumia mtu ambaye miguu yake haimbebi. Ndiyo inayompeleka sokoni, kliniki na kazini. Pale mpakani kati ya Goma na Gisenyi, wafanyabiashara wenye ulemavu wamekuwa wakivusha mizigo kwa baiskeli za namna hii, magunia yamepangwa juu na wasaidizi wanasukuma kwa nyuma. Ikikatika barabarani, mwenyewe hawezi kushuka na kuiburuta hadi nyumbani. Kwa hiyo fundi anayepokea kazi hii amepokea dhamana kubwa kuliko anayetengeneza geti au kitanda cha chuma, ingawa mabomba ni yale yale na mashine ni ile ile.

Chombo chenyewe ni cha siku nyingi. Mwaka 1655 fundi saa mmoja wa Ujerumani, Stephan Farffler, aliyekuwa hawezi kutembea, alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu na kukiendesha kwa kuzungusha mikono, nguvu ikienda gurudumu la mbele. Mpangilio huo ndio unaotengenezwa mpaka leo katika karakana zetu: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, krenki kifuani, cheni ikishuka hadi kwenye habu ya mbele. Una faida kubwa moja kwa fundi wa mtaani, kwamba usukani wake ni mwepesi kutengeneza. Ukiweka magurudumu mawili mbele utalazimika kutengeneza mikono ya usukani inayolipinda gurudumu la ndani zaidi kuliko la nje, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Baiskeli ya kawaida ikikata kona hulala. Mtu na chombo chake huinama pamoja, na nguvu ikiingia kwenye gurudumu huendelea kushuka sambamba na spoku. Ya miguu mitatu haiwezi kulala. Kwenye kona nguvu huingia kwa ubavu wa tairi, hupanda kwenye spoku ikivuta rimu kando, hufika kwenye ekseli na kuishia kwenye mshono unaoishika ekseli hiyo. Gurudumu la baiskeli halikuundwa kwa nguvu za pembeni. Lile la inchi 28, ambalo kwa baiskeli ya kawaida halina tatizo, likiwekwa nyuma ya chombo hiki huanza kuyumba mapema. La inchi 20 au 24, lenye spoku fupi na habu pana, hustahimili. Hilo ni la kuamua kabla hujanunua hata futi moja ya bomba.

Jambo la pili la kuamua mapema ni kiti kitakaa wapi. Tuchukue mfano. Upana kati ya magurudumu ya nyuma ni sentimita 80. Kitovu cha uzito wote, wa mtu na wa chombo, kiko theluthi mbili ya njia kutoka gurudumu la mbele kuelekea ekseli ya nyuma, na kiko sentimita 60 juu ya ardhi. Nusu ya upana ni 40, na theluthi mbili ya 40 ni karibu 27. Gawanya 27 kwa 60, unapata 0.45. Maana yake ni kwamba nguvu ya kona ikifika asilimia 45 ya uzito, gurudumu la ndani linaanza kunyanyuka. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 5, hiyo ni kasi ya kilomita 17 kwa saa hivi, na mtu huipata akiteremka kilima kidogo bila hata kuzungusha. Shusha kitovu cha uzito kwa sentimita 15, na baiskeli haitaanza kunyanyuka mpaka kilomita 19 na nusu. Kupanua magurudumu kunasaidia pia, ila mlango una ukomo. Mpime mteja, halafu upime na mlango wa nyumba anamoishi.

Hapo kuna mvutano ambao hauna jibu moja. Ukikirudisha kiti nyuma, chombo kinatulia kwenye kona, lakini gurudumu la mbele linabaki na uzito mdogo. Katika mfano wetu linabeba theluthi moja tu. Kama ndilo linaloendeshwa na krenki, litateleza kwenye mlima wa changarawe, mtu azungushe bila kwenda. Mteja anayeishi Lushoto au Bukavu anahitaji mpangilio tofauti na anayeishi Temeke au Kisauni kwenye tambarare. Kwa wa milimani mimi ningepeleka cheni nyuma, na hapo ndipo swali la ekseli linapoanza.

Mafundi wengi wakipeleka nguvu nyuma hufunga magurudumu yote mawili kwenye ekseli moja ndefu inayozunguka. Tazama kinachotokea. Baiskeli yenye upana wa sentimita 80 ikizunguka duara kamili, gurudumu la nje husafiri mita 5 zaidi ya la ndani, duara liwe dogo au kubwa. Ekseli ikiwa moja, magurudumu hayana ruhusa ya kutofautiana, kwa hiyo moja lazima liburuzwe. Tairi zinaisha, mikono inachoka, na ekseli inasokotwa kila kona. James Starley wa Coventry, Uingereza, alilitatua hilo mwaka 1877 kwa kuweka difu kwenye baiskeli ya namna hii, miaka kadhaa kabla ya gari la petroli kuwapo. Karakana ya mtaani haihitaji difu. Endesha gurudumu moja tu la nyuma, jingine liachwe lizunguke huru kwenye beringi zake. Baiskeli itavuta kidogo upande mmoja ukiikaza, na mwendeshaji huzoea.

Sasa shina la ekseli, ambalo ndilo kipuri kinachostahili muda mwingi kuliko vyote. Ekseli ya baiskeli ya kawaida hushikwa pande zote mbili na uma. Ndiyo maana inaweza kuwa nyembamba, milimita 8 hadi 10, na isipinde. Fundi akilichukua gurudumu hilo hilo na kulishika upande mmoja tu, gurudumu lining'inie kwenye ncha ya shina, amebadilisha kazi yote ya chuma hicho. Chukua baiskeli yenye uzito wa kilo 120 pamoja na mtu na mzigo. Kila gurudumu la nyuma linabeba kilo 40. Likipiga shimo, mzigo huo unaweza kupanda mara 3 kwa kitambo kidogo. Kama katikati ya gurudumu pako sentimita 6 kutoka mahali shina linapoanzia, shina la milimita 12 linapata mkazo wa megapaskali 420 hivi. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda kwa kudumu kwenye megapaskali 250. Limekwisha kupinda. Shina la milimita 20, kwa mzigo ule ule, linapata megapaskali 90 tu. Nguvu ya shina hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, kwa hiyo milimita chache za unene zina thamani kubwa kuliko rodi nyingi za kuchomelea. Na ukipunguza ule umbali wa sentimita 6 uwe 4, umepunguza mkazo kwa theluthi moja bila kununua kitu.

Kwa kujua kwamba chuma laini hupinda, mafundi hutafuta chuma kigumu. Boliti lenye alama 8.8 kichwani, kipande cha shafti ya gari, fimbo ya shokomzoba: vyote hivi hupatikana kwa bei ya chuma chakavu na vyote ni vigumu kweli. Kisha wanavichomelea moja kwa moja kwenye fremu, na hapo ugumu unageuka kuwa hatari. Boliti la 8.8 limepata nguvu yake kiwandani kwa kuchomwa, kuzimwa ghafla na kuchomwa tena kidogo. Moto wa rodi unaivuruga kazi hiyo yote. Sehemu moja inalainika. Sehemu nyingine, iliyo karibu zaidi na mshono, inapoa haraka kwa sababu fremu baridi inafyonza joto, na chuma chenye kaboni nyingi kikipoa haraka hugeuka kuwa kigumu cha kuvunjika bila kupinda kwanza. Boliti hilo halitatoa onyo. Litakatika mara moja, katika kona au kwenye shimo, na gurudumu litatoka.

Njia iliyo salama ni kutolichomelea kabisa. Chukua bomba nene, litobolewe kwa mashine ya kukerezea lipate tundu linalolingana na boliti, lichomelee hilo bomba kwenye fremu wakati boliti halimo, kisha pitisha boliti na kulikaza kwa nati upande wa pili. Mshono unabaki kwenye chuma laini kinachokubali moto, na chuma kigumu kinabaki na ugumu wake. Boliti likichakaa, linabadilishwa kwa spana. Iliyo salama zaidi ya hiyo, kama upana unaruhusu, ni kulipa kila gurudumu la nyuma fremu ya pande mbili, ndani na nje. Ukifanya hivyo gurudumu la kawaida la baiskeli na ekseli yake ya kawaida vinatosha, na mteja atapata kipuri katika duka lolote la baiskeli hata kijijini. Hilo la mwisho nalithamini sana. Kipuri cha kutengeneza kisichobadilishika nje ya karakana iliyokitengeneza kinamfunga mtu na mji mmoja.

Kwa bomba lenyewe sina mengi. Bomba jeusi la inchi moja au inchi moja na robo, lenye unene wa milimita 1.5 hadi 2, linatosha fremu nzima. Watu hukimbilia bomba nene wakidhani unene ndio uimara, lakini kupanua kipenyo kunalipa zaidi. Ukitoka milimita 25 kwenda 32 kwa unene ule ule wa ukuta, ukakamavu unaongezeka mara mbili na ushei huku uzito ukiongezeka kwa asilimia 30 hivi. Mtu anayesukuma chombo kwa mikono anazisikia kilo zote.

Vipuri viwili sipendi vitengenezwe upya: bomba la usukani na bomba la krenki. Vikatwe kwenye fremu kuukuu ya baiskeli, kwa sababu vikombe vya beringi vinataka vipimo ambavyo ni shida kuvipata kwa tupa. Lakini fremu hizi za zamani, zile za kazi zilizojaa masokoni, hazikuunganishwa kwa rodi ya umeme. Mabomba yaliingizwa kwenye soketi na kushikizwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa. Shaba hiyo bado imo, imejificha ndani ya soketi na chini ya rangi. Ukipiga rodi juu yake, inayeyuka mapema kuliko chuma na kupenya katikati ya chembechembe za chuma chenye moto, na mshono unapoa ukiwa na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Kata soketi yote, saga kwa grenda mpaka rangi ya njano iishe kabisa na ubaki na chuma kinachong'aa kijivu. Ukiona mng'ao wa dhahabu, bado hujamaliza.

Kisha unakuja mkato. Bomba la mviringo likikutana na jingine la mviringo, ncha iliyokatwa kwa msumeno moja kwa moja inagusa sehemu mbili tu, na kati yake pana pengo. Fundi mwenye haraka hulijaza pengo hilo kwa rodi. Kwa nje mshono unaonekana mnene na wa kupendeza. Kwa ndani ni daraja la chuma kilichomiminwa hewani, na bomba jembamba pande zote mbili limepikwa kupita kiasi wakati fundi akijaza. Ncha inatakiwa ikatwe umbo la mdomo wa samaki ili ilikumbatie bomba la pili pande zote. Huhitaji mashine kwa hilo. Chora mkunjo kwenye karatasi ngumu, izungushe karatasi kwenye bomba, fuata kwa chaki au msumari wa kukwaruzia, punguza kwa grenda, malizia kwa tupa la nusu duara huku ukijaribisha. Kipimo changu ni mwanga: shika maungio juu, tazama dhidi ya jua. Mwanga ukipita mahali ambapo ncha ya rodi ya milimita 2 ingeingia, rudi kwenye jiliwa. Mwanafunzi akiuliza kwa nini saa nzima imekwisha na bado hajachomelea kitu, namwambia hiyo ndiyo kazi aliyolipwa.

Hapo hapo toboa tundu la milimita 3 ndani ya maungio, mahali ambapo bomba moja litalifunika jingine. Bomba lililozibwa pande zote lina hewa ndani. Hewa ikipata moto inatanuka, na unapofunga sehemu ya mwisho ya mshono inapasua chuma kilichoyeyuka na kukuachia tundu ambalo kila ukilijaza linarudi.

Joto lenyewe ndilo adui ambaye wengi hawamwoni. Mita moja ya chuma ikipanda nyuzi 100 hurefuka kwa milimita 1.2. Mshono unapowekwa, chuma chake kinazidi nyuzi 1,500, na kikipoa kinajivuta na kuvuta kila kilichoshikamana nacho. Fremu iliyokuwa imenyooka mezani inaondoka mezani imejipinda kuelekea upande uliochomelewa kwanza. Kwenye geti haidhuru. Kwenye baiskeli, gurudumu la nyuma likipotoka kwa digrii 1 tu kutoka mwelekeo wa safari, kila kilomita moja linaburuzwa pembeni mita 17 na nusu. Mwendeshaji hatajua kwa nini mabega yanamuuma, atadhani ni udhaifu wake. Atabadilisha tairi, na lile jipya litaisha vile vile.

Kwa hiyo fremu isijengwe sakafuni kwa macho. Tengeneza meza ya kushikia: vyuma viwili vya pembe vilivyonyooka, vimefungwa sambamba, na juu yake vibanio vya kukamata mabomba na, muhimu zaidi, chuma kimoja kirefu kilichonyooka kinachopita kwenye matundu yote mawili ya ekseli kana kwamba ni ekseli yenyewe. Chuma hicho kikae humo mpaka mwisho. Shikiza kila maungio kwa nukta nne ndogo, moja ikifuatiwa na ile ya upande wa pili, ukiwa umeshapima mshazari wa kulia na wa kushoto kwa uzi au futi. Ikitofautiana, nukta zinakatika kwa tindo na hujapoteza kitu. Ukishaanza mshono kamili, chomelea sentimita 2 au 3, hamia maungio ya upande mwingine wa fremu, rudi, acha chuma kijipoze chenyewe kwenye hewa. Usimwagie maji. Mwisho weka magurudumu na upime kati ya rimu na rimu, kwa mbele na kwa nyuma, usawa wa ekseli. Kwenye gurudumu la inchi 24, digrii 1 ni kama milimita 10 kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Mimi sikubali zaidi ya milimita 3.

Kuchomelea kwenyewe, baada ya yote haya, ni kazi fupi. Rodi ya E6013 inafaa: 60 inamaanisha uimara usiopungua pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, yaani megapaskali 410 hivi, ambao unalitosha bomba hili, 1 ni kwamba inakubali kuchomelewa kwa mkao wowote, 3 ni aina ya ganda lake. Kwa ukuta wa milimita 1.5 tumia rodi ya milimita 2 na ampea 40 hadi 60. Ya milimita 2.5 inahitaji moto ambao utatoboa bomba kabla mkono haujatulia. Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, unyevu huingia kwenye ganda la rodi iliyoachwa wazi, nayo huanza kutema na kuacha vitundu kwenye mshono. Kopo lenye mfuniko unaobana ni dawa tosha. Maungio yaliyo karibu na vikombe vya beringi yachomelewe vikombe vikiwa vimetolewa, na kipande cha chuma kinene kinacholingana na tundu kiwe kimechomekwa ndani, kilishike umbo na kufyonza joto. Bila hicho tundu linakuwa yai, na beringi hazitakaa.

Niseme juu ya mwili wa fundi, kwa sababu nimeona vijana wazuri wakiiacha kazi hii mapema. Miwani ya jua haizuii mwanga wa rodi. Inapunguza ung'avu tu, jicho linastarehe na kufunguka, na miale isiyoonekana inaingia. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kana kwamba macho yametiwa mchanga. Kioo cha kuchomelea namba 10 kinauzwa bei ambayo rodi za kazi moja zinaishinda. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki nayo ni mtego, maana hayashiki kutu upesi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la mshono, na moshi wake mweupe huleta homa ya kutetemeka jioni ile ile. Karakana nyingi zinaamini kwamba kunywa maziwa kunazuia. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu. Saga zinki sentimita 5 kutoka kila upande wa maungio, fanya kazi nje, kaa upande upepo unakotoka.

Vipuri vya mwendo vina jambo moja ambalo mtu aliyezoea baiskeli ya miguu hulikosa. Krenki ya kawaida ina mkono mmoja juu na mwingine chini. Ukiipandisha kifuani hivyo hivyo juu ya usukani, kila msukumo wa mkono wa kulia unapinda gurudumu kushoto, na wa kushoto unalipinda kulia, na baiskeli inakwenda ikiyumba barabara nzima. Mikono ya krenki lazima igeuzwe iwe sambamba, yote ikisukumwa pamoja na kuvutwa pamoja, ili nguvu zisawazishane pande zote za shingo. Kwa krenki yenye tundu la mraba ni suala la kuchomoa mkono mmoja na kuurudisha umegeuzwa nusu duara. Breki nayo iwe karibu na kishikio, mahali kidole kinafika bila kuachia krenki, na lazima iwepo nyingine ya nyuma inayofungwa na kubaki imefungwa. Mtu anayejihamisha kutoka kiti hadi kitandani hawezi kushika breki wakati huo huo.

Kabla ya rangi, ipakie baiskeli mifuko ya mchanga yenye uzito wa mteja na nusu yake tena, ipitishe kwenye matuta na mashimo, kisha irudishe mezani na upime upya. Rangi isipigwe siku hiyo. Futa kila mshono kwa tambara, paka mafuta ya taa, subiri dakika kadhaa, kausha kabisa kwa tambara jingine, halafu nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi wenye unyevu kwenye chaki nyeupe, hata ufa ukiwa mwembamba kiasi cha kutoonekana. Anza na pembe za maungio na kando ya mishono ya ekseli.

Ukiupata ufa, usiufunike. Tafuta ncha zake mbili, toboa kila ncha kwa keekee ya milimita 3 ili usiendelee kukimbia, uchimbe wote kwa grenda mpaka chini, ndipo uujaze. Halafu ongeza bamba la kusaidia, lenye unene usiozidi ule wa bomba na ncha zilizochongwa kuwa nyembamba, na mshono wake uende kwa urefu wa bomba. Bamba nene lililokatwa mraba na kuchomelewa kulizunguka bomba linausogeza ufa sentimita 5 kando tu, kwa sababu pale linapoishia ghafla ndipo bomba litakapopindika. Mwambie mteja arudi mwezi wa kwanza ukiisha, na akirudi rudia mafuta ya taa na chaki kwenye maungio yale yale, rangi ikiwa imekwanguliwa.